Dereva alituzungusha kisiwa, kisha akadai nyongeza: je, tumlipe?

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini limeleta ubaridi kati ya mume wangu na mama yake mzazi, na kwa kuwa tunatarajia kurudi mahali pale pale hivi karibuni, ningependa lipate ufumbuzi kabla ya safari.

Tulikuwa watu wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 9 na mama mkwe wangu, ambaye umri wake umepita miaka 70 na magoti yanamsumbua. Tulikwenda kupumzika kisiwani (jina la kisiwa nimeliacha makusudi ili dereva nitakayemtaja asitambulike), na siku moja tukaamua kukizunguka kwa gari ili tuone mlima, ufukwe wa upande wa pili na maporomoko ya maji ambayo kila mtu alikuwa akiyasifia. Mtu wa mapokezi katika nyumba tuliyofikia alituunganisha na dereva mwenyeji mwenye gari la watu saba. Mume wangu ni hodari wa kupatana bei, na alimbana yule bwana mpaka akakubali kiasi kinachokaribia theluthi mbili ya bei aliyoitaja mwanzo. Waliyokubaliana hayakuandikwa popote. Dereva angetuchukua saa 2:00 asubuhi, angetuzungusha kisiwa kizima, kisha angeturudisha jioni.

Nianze na mazuri yake, maana yapo. Alifika kabla ya wakati, gari lilikuwa safi, na alipomwona mama akihangaika kupanda alifungua buti, akatoa kigoda kidogo cha mbao, akakiweka chini ya mlango na kumshika mkono. Alifanya hivyo katika kila kituo, mchana kutwa, bila kuombwa. Kwenye kona kali alipunguza mwendo, na jua lilipogeuka alimwomba binti yangu abadilishane kiti na bibi yake ili mama asiunguzwe na jua la dirishani.

Kasoro zilianza mapema. Kituo chetu cha kwanza hakikuwa mlima bali karakana ya vito, ambako tulikaa dakika 50 tukitembezwa kutoka kabati moja hadi jingine. Baada ya hapo likaja duka la nguo, dakika nyingine 30. Tulipofika mlimani ilikuwa imekaribia saa 6:00 mchana na mawingu yalikuwa yametanda kiasi kwamba hatukuona hata mti ulio mbele yetu. Mume wangu alishikilia kwamba yangeondoka, tukasubiri karibu saa nzima, nayo hayakuondoka. Ufukweni tulikuta maji yamekupwa mpaka mbali, mashua zimelala ubavu kwenye tope. Binti yangu alikuwa ameahidiwa kuogelea, kwa hiyo tulikaa pale kwa saa mbili hivi tukingoja maji yarudi. Jua likaanza kuzama, maporomoko hatukuyaona, na tulifika nyumbani saa 1:30 usiku.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dereva alishuka, akasimama mbele ya buti iliyofungwa na kusema kwamba kwake siku ya kazi ni saa nane, kwamba ilipaswa kuisha saa 10:00 jioni, na kwamba anadai theluthi moja ya bei tuliyopatana kama nyongeza. Mume wangu alikataa katakata. Wakatupiana maneno, huku mkoba wa mama wenye dawa zake za jioni ukiwa ndani ya buti ile. Mama mkwe akatoa pesa zake mwenyewe, mume wangu akamkataza, na dereva naye akasema hawezi kuchukua pesa ya mama. Mwishowe alifungua buti, akatuwekea mizigo mlangoni na kuondoka bila nyongeza.

Sasa nimegundua kwamba mama aliichukua namba ya dereva kule mapokezi na wamekuwa wakijuliana hali. Anataka kumtumia ile pesa, na anataka tumkodi tena, kwa sababu safari hii atakuja pamoja na dada zake wawili, ambao nao ni watu wazima sana. Mume wangu anasema mama amemvunjia heshima, kwamba dereva ni tapeli, na kwamba tutakodi gari na kuliendesha wenyewe. Pia amepanga kwenda kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa siku moja kabla ya kuzunguka, jambo ambalo halihusiani na ugomvi huu ila nimelitaja kwa sababu linabana ratiba.

Je, tulitapeliwa? Je, tunadaiwa? Na safari ijayo tufanyeje?

Mimi mkwe niliye katikati.

MAJIBU

Ndugu yangu mkwe uliye katikati,

Nimefurahi kwamba umetaja saa na dakika, kwa sababu bila hizo ningebaki kukupa maneno ya kutuliza moyo tu. Tuanze na hesabu, halafu tuje kwa watu.

Mliondoka saa 2:00 asubuhi na kurudi saa 1:30 usiku. Ukishika siku ya saa nane aliyoisema dereva, mlizidisha kwa saa tatu na nusu. Katika muda huo, dakika 80 ziliishia karakana ya vito na duka la nguo, mahali ambapo hamkuomba kupelekwa, na muda huo hauwezi kuwekwa juu yenu hata kidogo. Zinabaki saa mbili na dakika kumi hivi. Hizo ni zenu: mume wako ndiye aliyeshikilia msubiri mawingu, na ninyi ndio mliongoja maji kwa ajili ya mtoto. Saa mbili na dakika kumi katika siku ya saa nane ni zaidi kidogo ya robo. Dereva alidai theluthi. Kwa maneno mengine, kati ya kile alichodai na kile ambacho mpatanishi asiyependelea upande wowote angempa, tofauti yake ni ndogo mno kuliko kelele iliyopigwa mbele ya buti, na dai lake halikuwa kubwa kupita kiasi hata kwa kipimo chake mwenyewe, kwa kuwa saa tatu na nusu zingemfikisha karibu na nusu ya bei.

Mume wako atasema kwamba saa nane hazikutajwa popote. Ni kweli, na hapo ana hoja nzito, kwa sababu anayeuza huduma ndiye anayejua kipimo chake na ndiye anayepaswa kukitaja kabla ya kuwasha gari, si baada ya kulizima. Lakini nao mkataba wake mwenyewe ulisema mrudishwe jioni, na saa 1:30 usiku haiwi jioni kwa saa ya mtu yeyote. Kwa vyovyote muda ulizidi. Kinachobishaniwa ni kiasi tu, na ndiyo sababu ninasema mnadaiwa robo, wala si theluthi wala sifuri.

Je, mlitapeliwa? Hapana. Tapeli huchukua malipo ya awali na hatokei asubuhi, au hukubali bei kwa fedha moja na kudai kwa nyingine, au hukutelekeza katikati ya njia mpaka uongeze. Huyu alifanya kazi saa kumi na moja na nusu, akaondoka bila nyongeza, na alipopewa pesa na mama mzee aliikataa. Hata hivyo sitamsafisha moja kwa moja, kwani kuna mambo mawili aliyoyakosea, na moja ni kubwa kuliko mlivyoliona.

Dogo ni lile la buti. Kumdai mteja huku umesimama mbele ya mizigo yake ni kumshinikiza, hata kama mkono haujamgusa mtu, na palipo na dawa za mzee ni vibaya zaidi. Alipaswa kufungua kwanza, kumkabidhi mama mkoba wake, kisha kuzungumza. Mwishowe alifungua, na hilo nimelihesabu, lakini hasira ya mume wako hapo ninaielewa.

Kubwa ni asubuhi yenu. Katika kisiwa chenye mlima, saa za asubuhi ndizo zenye thamani, na hili dereva mwenyeji analijua kuliko mtu yeyote. Jua likishapanda, hewa yenye unyevu kutoka baharini hupata joto na kupanda miteremko, hupoa kadiri inavyopanda, na unyevu wake hugeuka mawingu yanayoukumbatia mlima mpaka alasiri. Kule kisiwani La Réunion, wanaotaka kulitazama bonde la Mafate kutoka kilele cha Maïdo huondoka alfajiri, kwa sababu mara nyingi saa 4:00 asubuhi pazia huwa limekwisha kushuka. Kuwapeleka wageni kwenye kabati za vito saa 3:00 na kuwafikisha mlimani karibu na saa 6:00 ni kuwauzia tiketi ya kutazama ukuta mweupe. Kusubiri kwenu ile saa nzima hakukuwa na matumaini, na alipaswa kuwaambia hivyo waziwazi badala ya kukaa kimya.

Vivyo hivyo ufukweni. Mahali pengi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takribani saa 25, kwa hiyo kila siku wakati wake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Si jambo la kubahatisha. Majedwali yake huchapishwa mwaka mzima kabla. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukimbia mbali zaidi, na maelezo yako ya mashua zilizolala ubavu yananifanya nidhani mlifika katika siku za namna hiyo. Ziko bahari ambazo maji yake hayapwi sana, kama Mediterania na Karibi, na huko suala hili halina uzito. Lakini mahali ambapo hupwa kiasi cha kuacha tope, dereva hupanga siku kwa kuangalia maji kwanza, na mambo mengine hufuata. Kuna hata mahali ambapo barabara yenyewe humezwa na maji, kama ile ya kwenda kisiwa cha Lindisfarne nchini Uingereza, na kila mara husikika habari za wenye magari waliodhani wangewahi.

Sasa kwa nini dereva mwenye adabu ya kubeba kigoda afanye hivyo? Hapa inanibidi niseme jambo ambalo mume wako hatalipenda. Alipomshusha mpaka theluthi mbili ya bei, hakuifuta ile theluthi iliyobaki. Aliihamishia kwenye kamisheni ya maduka, yaani fungu ambalo duka humpa dereva anayeleta wateja. Dereva ana mafuta, ana matairi yanayoliwa na kona, ana siku ambazo hapati mteja hata mmoja, na mara nyingi ana fungu la kumpa aliyemletea mteja, ambaye kwenu alikuwa mtu wa mapokezi. Bei ikishuka chini ya mahali fulani, huipandisha kwa njia ambayo mteja haioni, nayo ni kuwafikisha watu kwenye mlango wa duka asubuhi na mapema kabla hawajachoka na kabla pochi hazijafunguliwa mahali pengine. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sioni ubaya wowote wa mwenyeji kupona. Ubaya ni pale anapopona kwa saa zako za asubuhi bila wewe kujua kwamba umezitoa.

Kwa hiyo kupatana bei si kosa, ila mume wako alipatana jambo moja tu kati ya manne au matano yaliyohitaji kupatanwa. Safari ijayo, iwe ni dereva huyu au mwingine, aanze na muda: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na kila saa itakayozidi italipwa kiasi gani. Kisha vituo, kwa majina na kwa mpangilio wake, mlima ukiwa wa kwanza. Kisha yale yaliyomo ndani ya bei: mafuta, maegesho, ushuru wa barabara au wa kivuko kama upo, chakula cha dereva. Viingilio vya mahali pa kutembelea kwa kawaida hubaki kwa mgeni, lakini msemezane. Maduka nayo yapewe nafasi yake kwa uwazi. Mwambieni kwamba mtaingia duka moja tu, kwa dakika 20, baada ya chakula cha mchana wakati mlima umekwisha kufunikwa na jua ni kali kwa wazee. Atashukuru kuliko mnavyodhani, maana atapata chake bila kulazimika kuwazungusha. Yote hayo yaandikwe katika ujumbe mmoja wa simu, naye ajibu kwamba amekubali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za likizo nazo ni mali.

Kuhusu malipo, ni kawaida dereva kuomba sehemu asubuhi kwa ajili ya mafuta, na mpeni bila kinyongo. Kilichobaki kilipwe mwisho, mizigo ikiwa imeshatolewa.

Nije kwenye wazo la mume wako la kukodi gari na kuliendesha mwenyewe. Kwa vijana wawili wasio na haraka lingekuwa wazo zuri. Kwa gari lenye wazee watatu na mtoto mmoja, mimi silipendi, na sababu yangu si kwamba simwamini kwenye usukani. Barabara za visiwani hudanganya. Ramani huonyesha umbali mfupi, lakini barabara ya Hana katika kisiwa cha Maui, yenye urefu wa kilomita 84 hivi, ina kona zaidi ya 600 na madaraja 59, mengi yakiwa ya kupita gari moja moja, na ile ya kupanda Cilaos huko La Réunion inajulikana kwa kona zake 400. Anayeendesha njia kama hiyo kwa mara ya kwanza haoni mandhari, huona lami tu, na jioni huwa amechoka kuliko wote. Sheria za Umoja wa Ulaya humkataza dereva wa basi au lori kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na hao ni watu wa kazi hiyo. Aidha, upande wa barabara nao hubadilika baina ya majirani: Moris huendesha kushoto, La Réunion iliyo jirani yake huendesha kulia. Malta, Sri Lanka, Jamaika na Barbados ni kushoto. Na mahali pengi mwenye kukodisha atataka leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo mume wako akilisimamia atakuwa amewafanyia kazi kubwa, nalo ni kukagua gari la dereva. Aulize kama limesajiliwa kubeba abiria kwa malipo, maana bima ya gari la matumizi binafsi mara nyingi haimlindi abiria aliyelipa nauli, na jambo hili hugundulika siku ya ajali. Akae kila kiti cha nyuma avute mkanda aone kama unafunga. Watu huridhika na kiyoyozi kinachopuliza vizuri, wakasahau kwamba mikanda ya nyuma imefukiwa chini ya vitambaa vya viti. Watoto na wazee ndio wanaokaa huko.

Na hapo kwenye kuzamia, dada, umesema halihusiani, lakini mimi naliona kuwa zito kuliko nyongeza ya dereva. Mtu akizamia kwa mtungi, gesi ya naitrojeni huyeyuka mwilini mwake kwa sababu ya shinikizo la maji, nayo huhitaji muda kutoka taratibu. Akipanda juu haraka, kwa ndege au kwa gari, hewa inapopungua uzito gesi hiyo inaweza kutengeneza mapovu kwenye viungo na mishipa. Mwongozo unaotumiwa sana na wazamiaji ni kungoja angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na angalau saa 18 baada ya mizamo kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Wengi huukumbuka siku ya uwanja wa ndege, wakausahau siku ya mlima. Katika kisiwa cha Tenerife, kwa mfano, gari hutoka ufukweni na kufika zaidi ya meta 2,000 juu, kwenye nyanda zinazouzunguka mlima Teide, kabla hujamaliza mazungumzo yako. Kama mlima wenu ni mrefu, azamie baada ya siku ya kuzunguka, si kabla yake, na bado akumbuke siku ya ndege. Akitaka kujua ni urefu gani hasa unaohesabika, amuulize mkufunzi wake wa kuzamia, wala asimuulize dereva.

Wazee watatu wanahitaji ratiba nyepesi. Vituo vitatu vinatosha: mlima asubuhi, ufukwe saa ambayo maji yamejaa, na hayo maporomoko yaliyowapita, ikiwa tu njia ya kushuka haina ngazi nyingi. Mwulizeni dereva ngazi ni ngapi na kama kuna mkono wa kushikilia. Mtu wa pale anajua. Mwenye kusumbuliwa na kichefuchefu akae mbele na atazame mbali, na kama anatumia vidonge vya safari avimeze kabla ya kuondoka, kwa sababu akisubiri mpaka kona zianze atakuwa amechelewa. Pangeni kurudi kabla ya giza. Katika visiwa vilivyo karibu na ikweta usiku huingia ghafla. Jua likishazama huna hata nusu saa ya mwanga wa kutegemea, na barabara ya mlimani isiyo na taa si mahali pa kuwa na mama mwenye magoti mabovu.

Limebaki la nyumbani, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Mama mkwe wako hakumvunjia mwanawe heshima kwa kutoa pesa. Alikuwa mzee aliyechoka, dawa zake ziko ndani ya buti, na mtu aliyemshika mkono mchana kutwa alikuwa anagombana na mwanawe gizani, alitaka yaishe. Lakini mume wako naye aliumia kwa sababu yake, maana alijiona mbele ya mgeni kama mtu ambaye mama yake anamlipia deni. Kwa hiyo pesa isitumwe na mama, wala isitumwe na wewe kwa siri kupitia kwa mama. Siri ya namna hiyo ikijulikana, na hujulikana, ugomvi utahama kutoka kwa dereva uje kwako. Iwe ni pesa ya mume wako na ujumbe wa mume wako. Mkalishe siku akiwa ametulia, mwonyeshe ile hesabu ya saa, uanzie kwenye zile dakika 80 ambazo yeye alikuwa na haki ya kuzikataa. Mtu anayeanza kwa kusikia mahali alipokuwa na haki huwa na masikio zaidi kwa yale yanayofuata. Kuhusu mama, mwambie kwamba deni la dereva liko mikononi mwa mwanawe, na kwamba yeye aendelee tu kumjulia hali.

Ujumbe wenyewe usiwe mrefu. Angeweza kuandika hivi: "Ndugu, habari za siku. Kuhusu siku ile tuliyozunguka, nimehesabu muda uliozidi, nikatoa muda wa maduka ambayo hatukuyaomba, na nimeona unastahili robo ya bei. Nakutumia. Lile la kusimama mbele ya mizigo halikunipendeza, na nakuambia ili lisijirudie. Tunakuja tena tukiwa na wazee watatu. Ukiwa tayari kufanya kazi kwa ratiba nitakayokutumia, nijibu." Huo ni ujumbe wa mtu aliyelipa na ambaye bado amesimama kwenye neno lake, na sidhani kama utamshushia hadhi.

Mkimkodi tena, msimbane kwenye bei kama mara ya kwanza. Mkimtafuta mwingine, masharti ni yale yale, na kabla ya kutaja pesa yoyote mwulizeni angependa kuwafikisha mlimani saa ngapi. Akisema saa 3:00 asubuhi na kuongeza kwamba itabidi mwamke mapema, endeleeni na mazungumzo. Akisema kwamba kwanza mtapita kwa ndugu yake anayeuza vito, mshukuruni na mkate simu.